Mzunguko wa Arobaini na Mbili

Nilitoka kununua maziwa saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, Jumamosi, mwezi wa Julai. Pakiti mbili. Nilikuwa nimezoea kununua moja.

Duka liko mita mia mbili na kumi kutoka lango langu, hapa Waithaka. Najua kwa sababu nilipima. Nilikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na minne, na ingawa nimestaafu, bado siwezi kutembea bila kuhesabu.

Nyumbani nilikuwa nimemwacha Ngina. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja kwangu. Alikaa sebuleni, kwenye kiti cha karibu na dirisha, amefunga vifungo vyote vya sweta yake ya kijani kwa sababu ya baridi.

"Enda haraka," aliniambia. "Mimi chai ya rangi sinywi hata nikiwa mgonjwa."

Nilichukua dakika kumi na moja. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka na taa za barabara zilikuwa hazijawaka. Niliporudi nilimkuta nje ya lango, mkoba begani, akinitazama nikija.

"Ngina? Kuna nini?"

"Muigai, uliniambia unaishi peke yako."

"Naishi peke yangu."

"Usinifanye mtoto. Mimi niko na miaka hamsini na saba." Alishusha sauti. "Kuna mwanamke jikoni."

Nilicheka. Hakucheka.

"Umemwona?"

"Nimemsikia. Anafanya kazi. Nimepiga hodi mara tatu, akanyamaza. Nikirudi kukaa, anaanza tena."

"Kazi gani?"

Ngina hakuijua kazi yenyewe. Aliniigiza tu. Alifungua kiganja cha kushoto, akakiweka juu ya paja lake, akakisukuma mbele polepole, kisha akakirudisha.

Sss… Sss…

Pakiti za maziwa zilinitoka mkononi.

"Na anajipaka ile dawa ya kifua," alisema. "Ile ya kupoza. Nyumba yote inanuka."

Niliingia ndani peke yangu. Jikoni hapakuwa na mtu. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa komeo, kutoka ndani, kama nilivyouacha. Kigoda kilikuwa kando ya jiko. Nilikuwa nimekiweka chini ya meza, lakini labda Ngina alikisogeza. Nilijiambia hivyo. Harufu ya dawa sikuisikia.

Niliporudi langoni, alikuwa amekwisha kusimamisha bodaboda.

"Hakuna mtu, Ngina. Njoo uangalie mwenyewe."

"Nilitoka kwa nyumba moja sababu ya mwanamke sikuwahi kumwona," alisema, akipanda. "Siingii ingine."

Nilisimama pale mpaka taa nyekundu ya pikipiki ilipomezwa na ukungu. Kisha niliokota maziwa.

*

Hannah, mke wangu, alifariki miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Aprili. Yalikuwa mapafu. Tuliishi pamoja miaka thelathini na mmoja. Binti yetu, Janice, anaishi Kisumu na mume wake, na hunipigia simu Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine sita naongea na redio.

Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nataka ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani siku nilipompelekea Ngina suruali tatu azipunguze kiuno. Ana kibanda cha ushonaji ghorofa ya kwanza, Hurlingham, juu ya duka la miwani. Alizungusha futi kiunoni mwangu, akaitazama, akaitazama suruali.

"Inchi nne! Mzee, nani amekurithisha hizi? Hizi ni za mtu mnene."

"Ni zangu."

Aliinua macho. Aliacha mzaha papo hapo.

"Pole," alisema. Hakuuliza zaidi. Watu wote waliojua habari zangu walikuwa wameuliza zaidi.

Nilirudi na shati lisilokuwa na shida yoyote. Kisha koti. Mara ya nne aliniambia, "Sasa, mzee, umemaliza nguo. Wiki ijayo utaleta mapazia?" Tukaenda kunywa chai.

Alinisimulia ndoa yake bila machozi. Miaka ishirini na sita katika nyumba kubwa ya Karen, mume mwenye heshima kanisani. Siku moja alikuwa anapiga pasi shati la mume akaona kifungo kimoja kimeshonwa upya. Uzi ulikuwa rangi sawa. Lakini sindano ilikuwa imepita kwa namna ambayo yeye hakuwahi kushona maishani mwake.

"Mkono wa mtu haujifichi," aliniambia. "Nilimwuliza kama kuna mwanamke mwingine, akasema alikuwa mmoja, na amemwacha. Nikakaa. Miaka minne baadaye nikapata kumbe walikuwa wawili. Mmoja alikuwa amemficha." Alikoroga chai. "Wa kwanza nilimsamehe. Ni huyo wa kufichwa alinifanya niende kortini nikatafute talaka, na miaka hamsini na tatu."

Hayo ndiyo niliyoyajua juu ya Ngina nilipomkaribisha Waithaka. Nilipaswa kuyakumbuka vizuri zaidi.

*

Nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye msumari, kulikuwa na kiondo, kikapu cha katani ambacho hakijakamilika.

Hannah alikianza Februari, miezi miwili kabla ya kufa. Alisuka katika kundi la wanawake watano wa mtaa huu, na aliyewafundisha ni Syokau, Mkamba, anayeishi malango matatu kutoka kwangu. Kila jioni, baada ya kujipaka dawa ya kifua, Hannah alikaa kwenye kigoda, akapandisha sketi juu ya goti, akalaza nyuzi mbili za katani pajani na kuzisokota kwa kiganja. Alitumia mkono wa kushoto. Kwa miaka mingi nilisoma magazeti nikisikia sauti hiyo. Sss… Sss… Sikujua kwamba nilikuwa naisikiliza mpaka ilipokoma.

Wiki ya mazishi, wale wanawake wanne waliobaki walikuja kwangu. Syokau ndiye aliyesema.

"Baba Janice, tumekuja kuchukua kazi ya Hannah."

Alinieleza utaratibu wao. Mmoja wao akifa na kiondo mkononi, wenzake hukichukua kabla ya wiki mbili kwisha, hukaa siku moja wote pamoja, hukimaliza kwa mikono yao yote, na kumpa aliyekusudiwa. Kama hawajui alikusudiwa nani, hukifumua mpaka mwanzo.

Nilikataa. Nilikataa kwa upole, nadhani, lakini nilikataa. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vya mwisho kugusa nyuzi zile. Sikutaka vidole vingine.

"Kitabaki kama alivyokiacha," niliwaambia.

Syokau alikitazama kiondo pale msumarini. "Haya," alisema.

Walipoondoka, nilikishusha kiondo nikahesabu. Kiondo husukwa kwa kuzunguka, kutoka kitovu cha chini kwenda juu. Mizunguko arobaini na mmoja. Niliandika hesabu katika daftari langu la kazi, pamoja na tarehe, kisha nikakirudisha msumarini.

Jumamosi ile, baada ya Ngina kuondoka, nilikishusha tena. Nilivaa miwani. Nilitumia pini ili nisiruke.

Arobaini na minne.

Nilihesabu upya. Arobaini na minne. Nikafungua daftari kuhakikisha kwamba mkono wangu haukukosea miaka mitatu iliyopita. Haukukosea.

Mizunguko mitatu ya juu ilikuwa mipya. Katani yake ilikuwa bado na unyevu kidogo. Uzi uliosokotwa kwa mkono wa kushoto hupinda upande wake, tofauti na wa watu wengi, na huu ulipinda hivyo. Ndani ya katani kulikuwa na kitu kingine, chembamba, kimepita mzunguko hata mzunguko.

Uzi wa sufu.

Wa kijani.

*

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Syokau. Alikuwa uani akichambua maharagwe. Nilimweleza kwa mpangilio, kama ninavyoeleza hapa. Hakushtuka, na hilo lilinitia hofu kuliko kama angepiga kelele.

"Ulisema kitabaki kama alivyokiacha," alisema.

"Nilisema hivyo."

"Sasa kimebaki?"

Nilitikisa kichwa.

"Hannah hakuwa mtu mbaya, Baba Janice. Nilikuwa namjua kukushinda kwa mambo mengine. Lakini mtu akiondoka na kazi haijaisha, hiyo kazi anaitafutia mikono."

"Mikono ya nani?"

"Ya mwenye atakuwa karibu." Alipuliza maganda. "Kukimaliza hatuwezi tena. Wawili wetu wamekufa, na muda umepita. Kifumue. Leo, jua likiwa juu. Mpaka mwanzo kabisa. Usiache hata kitovu."

Nilirudi nyumbani. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, palipokuwa na jua. Mzunguko wa arobaini na nne ulitoka kwa urahisi. Wa arobaini na tatu pia. Wa arobaini na mbili ulikuwa umekazwa, nikatumia msumari.

Kisha nilifika kwenye mpaka.

Maisha yangu yote nimeonyesha watu mipaka. Nimesimama kati ya ndugu wawili wenye mapanga nikawaambia: hapa ndipo. Sasa nilijua hasa mahali kazi ya mke wangu ilipoishia. Juu ya pale palikuwa na kitu nisichokijua. Chini yake palikuwa na Hannah: jioni arobaini za Februari na Machi, kikohozi chake, jinsi alivyoniambia nisogeze taa.

Nilichoma zile nyuzi tatu kwenye jiko la makaa. Kiondo nilikifunga ndani ya mfuko, mfuko nikauweka ndani ya sanduku, sanduku juu ya kabati la chumbani.

Jioni nilimpigia Ngina simu. Nilimwambia kila kitu: Hannah, kigoda, wanawake wanne, daftari, uzi wa kijani. Nilitegemea angekata simu. Hakukata.

"Kwa hivyo si mwanamke wako," alisema mwishowe. "Ama ni wako, lakini…" Alipumua. "Afadhali hivyo, kusema ukweli. Huyo hanidharau. Umefumua?"

"Nimefumua."

"Yote?"

Nilitazama juu ya kabati.

"Yote."

Nilisikia gari likipita upande wake, Hurlingham.

"Mimi huwa naangalia mshono, Muigai. Sitakuuliza mara mbili."

*

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na ile ya baada yake, na nyingine. Jumamosi tatu. Sitazisimulia kwa urefu kwa sababu hakuna kilichotokea. Tulikunywa chai. Alicheka mapazia yangu akayapima ili ashone mengine. Alilala kitini saa tisa alasiri, mdomo wazi kidogo, na mimi nikazima redio nisimwamshe. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitatu kuizima.

Tulikubaliana kwamba mwishoni mwa Agosti nitaenda kumwona kaka yake, Jamleck.

"Atakuuliza maswali kama polisi," alisema. "Na atakuuliza kama unakoroma."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie ataniuliza mimi baadaye."

Jumamosi ya nne maziwa yaliharibika. Baridi yote ile, na yaliganda sufuriani kama yamekamuliwa ndimu. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu.

"Wacha nikimbie," nilisema.

"Kimbia! Huyo mkimbiaji wa magoti mawili mabovu." Alikuwa ameshika pindo la pazia, sindano mdomoni. Huo ndio mzaha wake wa mwisho kwangu.

Dukani kulikuwa na watu watano mbele yangu. Nilichukua dakika kumi na tisa.

Nilipofungua lango, harufu ilinipokea hapo hapo uani.

Dawa ya kifua.

Na chini yake, katani iliyoloweshwa.

Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Sebuleni hapakuwa na mtu. Pazia lilikuwa sakafuni, sindano bado imening'inia kwenye uzi. Chumbani mlango ulikuwa wazi, na sanduku lilikuwa kitandani, limefunguliwa vizuri, vifungo vyote viwili, kama na mtu aliyejua kwamba kimoja hukwama.

Sss… Sss…

Nilisukuma mlango wa jikoni kwa kidole.

Ngina alikuwa amekaa kwenye kigoda. Mgongo umenyooka, sketi imepandishwa juu ya goti, kiondo katikati ya miguu. Alisokota kwa mkono wa kushoto. Kwangu amepima, amekata, amekunja nguo, na siku zote ametumia wa kulia. Mkono mmoja wa sweta yake ulibaki nusu. Ulikuwa umefumuliwa hadi kwenye kiwiko, na uzi wa kijani ulitoka hapo ukashuka pajani, ukaingia katika katani, ukaingia katika kiondo.

Hakugeuka.

"Bwana Futi," alisema. "Umechelewa."

Hakuna mtu hai aliyeniita Bwana Futi. Sikuwa nimemwambia Ngina. Sikuwa nimemwambia yeyote.

Ilinipasa kufanya jambo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufanya. Hiki ndicho nilichofanya:

Nilisema, "Dukani kulikuwa na foleni."

"Umeleta maziwa?"

"Nimeleta."

"Haya. Sogeza taa kidogo."

Nikasogeza taa. Nikawasha jiko. Nikamimina maziwa, maji, majani ya chai, nikasimama nimempa mgongo, nikisikiliza. Sss… Sss… Nje kulikuwa na ukungu na ndani kulikuwa na sauti ile, na chai ilikuwa inapanda. Sikugeuka kwa sababu nilijua kwamba nikigeuka nitaona uso usio wake. Kwa hiyo sikugeuka. Chai huchukua dakika saba.

Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Nilimimina vikombe viwili. Nikageuka kumpa chake.

Mikono ilikuwa inafanya kazi, haraka, bila kukosea. Mdomo ulikuwa umetulia. Lakini macho yalikuwa ya Ngina. Yalikuwa wazi kabisa, yananitazama, na machozi yalikuwa yametiririka mpaka shingoni. Alikuwa amenitazama mgongo muda wote ule. Paja lake lilikuwa limechubuka. Katani iliyopita hapo ilikuwa inatoka nyekundu.

Kikombe kilianguka.

Nilimnyang'anya kiondo. Mikono yake iliendelea kusokota hewa. Niliketi sakafuni, kwenye chai iliyomwagika, nikaanza kufumua. Arobaini na tisa. Arobaini na nane. Vidole vyangu vilikuwa vinateleza.

"Acha, Bwana Futi. Imebaki kidogo."

Arobaini na tano. Arobaini na tatu.

"Baba Janice. Imebaki kidogo tu."

Arobaini na mbili.

Mkono wangu ulisimama wenyewe, pale mpakani.

"Hiyo ni yangu," sauti ilinong'ona. Haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu mgonjwa anayekuomba usiondoke chumbani. "Hiyo niliifanya mimi."

"Najua," nilisema.

Nikafumua arobaini na moja. Nikafumua arobaini. Ngina alianza kulia kwa sauti, kwanza kama anatoka mbali, halafu karibu zaidi. Thelathini. Ishirini. Kila mzunguko ulikuwa mfupi kuliko uliotangulia. Niliona mahali alipokosea mwezi Machi akarudia. Niliona fundo alilolifunga siku alipokohoa damu. Kumi. Tano. Nikafika kwenye kitovu, pale nyuzi za kwanza zinapovukana, pagumu kama kokwa. Niliking'ata kwa meno.

Kikafunguka.

Ngina alianguka kutoka kwenye kigoda, akajivuta mpaka ukutani.

Sauti ilikuwa imekoma. Harufu ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na jiko tu, na sisi wawili, na lundo la katani kati yetu.

Alilitazama lundo hilo. Aliutazama mguu wake. Alipozungumza, sauti ilikuwa yake, lakini ndogo.

"Ulisema umefumua yote."

"Nilibakisha arobaini na moja."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeona kifungo.

"Na ukanipikia chai," alisema. "Nilikuwa nakuita. Ndani nilikuwa nakuita kwa jina lako. Nawe ukapika chai."

Nilimfunga kidonda kwa kitambaa safi, na aliniruhusu, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Nilimpigia dereva wa teksi ninayemjua. Langoni nilisema nitampigia simu.

"Usinipigie, mzee," alisema. Hakuniita Muigai.

*

Niliporudi jikoni, niliokota katani, uzi baada ya uzi, niiviringe. Ndipo nilipoona kilichokuwa ndani ya kitovu.

Fundo dogo kama punje ya mahindi. Nililipeleka kwenye taa. Nikaenda kuchukua kipande cha uzi wa sweta ya Ngina kilichobaki sakafuni, nikaviweka pamoja chini ya kioo cha kukuzia ramani.

Sufu. Kijani kile kile. Nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, unene ule ule.

Kitovu ndicho husukwa kwanza. Hannah alikisuka Februari, miaka mitatu iliyopita. Ngina nilikutana naye mwaka jana.

Natambua kwamba uzi wa sufu ni uzi wa sufu, na kwamba maduka ya jijini huuza kijani kile kwa watu elfu. Nimeliandika hilo pia katika daftari.

Nilimpelekea Syokau fundo lile. Aliligeuza mkononi, akakaa chini.

"Nilimwuliza kiondo ni cha nani," alisema. "Ilikuwa mwezi wa tatu, alikuwa tayari hawezi kupanda ngazi. Akaniambia ni cha yule atakuja. Mimi nikadhani anasema mjukuu."

"Janice hakuwa na mimba."

"Hakuwa. Nilikuja kujua baadaye."

"Kwa hiyo ilikuwa zawadi? Au alitaka kumshika?"

Syokau alinirudishia fundo, akanifunga vidole juu yake.

"Siku ile tulikuja wanne, mikono minane," alisema. "Tungekimaliza, kingekuwa zawadi. Sasa mimi sijui kilikuwa nini, Baba Janice. Na wewe hutawahi kujua."

Hiyo ilikuwa Agosti. Sasa ni Novemba. Nimempigia Ngina mara mbili. Hakupokea, na sitapiga tena. Mapazia yake, moja na nusu, yako kwenye dirisha. Janice hupiga simu Jumapili. Kila jioni nakwenda dukani, mita mia mbili na kumi, nanunua pakiti mbili za maziwa. Nikirudi nasimama nje ya lango, nasikiliza.

Hakuna kitu. Nyumba haijawahi kuwa kimya hivi.

Katani ya Hannah naiweka jikoni, imeviringwa kama mpira, juu ya kigoda. Syokau alisema niichome. Nilimwambia nimeichoma.

Jana jioni nilirudi na maziwa, nikapika chai, nikaiondoa katani nikakaa kwenye kigoda mwenyewe. Kwangu ni kifupi mno. Magoti yalipanda mpaka kifuani. Nilikunja mguu wa suruali hadi pajani. Nilitoa nyuzi mbili, nikazilaza juu ya ngozi. Nilijiona mjinga. Mzee wa miaka sitini na nne, paja wazi, jikoni. Kusokota sijawahi kusokota.

"Hannah," nilisema. "Mimi ndiye niko karibu."

Maji yalidondoka kwenye sinki. Mbwa wa jirani alibweka, akaacha. Nilichukua kikombe changu kwa mkono wa kulia, nikanywa, nikaendelea kukishika ili vidole vipate joto. Nilingoja mpaka chai ikaanza kupoa.

Kisha nikasikia harufu ya dawa ya kifua.

Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika kikombe. Wa kushoto ulikuwa pajani, juu ya nyuzi.

Sss…